Ufunguo wa Stoo ya Mahindi

Nyumbani, 11 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, cherehani inazunguka na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama limetulia tangu aanze kulipaka yale mafuta uliyomletea, ila anasema kilichomponya ni maombi yake, hivyo usitarajie shukrani. Mke wa kaka ana mimba ya miezi sita na hataki kusikia harufu ya kitunguu, basi nyumba nzima tunakula mboga zisizo na kitunguu kwa kumheshimu mtu ambaye hata hajazaliwa.

Sasa sikia yaliyonipata. Unajua nimehamishiwa shule ileile niliyosoma, nafundisha sayansi darasa la tano na la sita. Nyuma ya madarasa kuna lile shamba la shule, ardhi imechoka na ni ngumu kama sakafu. Tangu Septemba mimi na wanafunzi tunaliuguza. Tumechimba mashimo ya mboji, tumechora matuta yanayokata mteremko ili maji yasikimbie na udongo, na mabua tumeyatandaza chini badala ya kuyachoma. Nia yangu ni kwamba kila mtoto apeleke somo hilo kwao, kijiji kizima kivune.

Hapo kwenye kupeleka ndipo nilipokosea. Niliwapa kazi ya nyumbani: nenda ukakague shamba la jirani yenu, maswali matano, kila moja alama ishirini. Nilitaka karatasi zirudi kwangu, lakini sikusema wazi. Watoto wakafanya kile ambacho wamezoea kufanyiwa. Walichukua kalamu nyekundu mezani kwangu, wakasahihisha, wakaandika maoni, kisha wakawapelekea wakubwa wasaini. Fundi baiskeli alipata arobaini, na maoni: "Angefanya vizuri kama angepunguza mazungumzo." Mwalimu mkuu alipata thelathini na tano na kuambiwa arudie darasa.

Baba alikaguliwa na msichana mmoja wa darasa la tano tunayemwita Rula, kwa sababu anatembea na rula ndani ya soksi na hakuna kitu ambacho hajakipima. Alimpa ishirini. "Nidhamu: wastani. Maoni: Ana bidii lakini hasikilizi." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akarudi karakanani kwake kupiga randa. Tangu siku hiyo ananiita Mwalimu. Nimeketi mbele yake, yeye anamwambia Mama, "Mwambie Mwalimu chai ipo."

Ningesema ni hasira za kupita, lakini Baba ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule, na ametangaza kwamba kamati itajadili kama watoto wanapaswa kushika jembe shuleni au shamba lifungwe kabisa. Na jambo hili halikuanza na Rula. Tangu tulipoanza hajawahi kukanyaga pale, ingawa anapita kila siku. Nilipomuuliza alijibu, "Shamba la shule mimi nililimaliza zamani." Shangazi, ninyi wawili mlisoma hapahapa. Nini kilimpata?

Mpwa wako.


Chumba cha cherehani, hospitalini, 2 Machi

Mwanangu Mwalimu,

Marahaba. Barua yako niliisoma wakati wa chai, nikacheka mpaka pini zilizokuwa mdomoni zikamwagika, na mwenzangu mkata vitambaa akadhani nimemeza moja. Nimewasomea chumba kizima. Sasa tunakaguana. Mimi nimepewa sitini na tano kwa pindo za shuka, na maoni: "Anasinzia baada ya chakula." Huo ni uzushi.

Hapa tuna kazi nyingi. Wodi ya wazazi imeagiza mashuka mia mbili, na msimamizi wetu mpya anataka mishono yote irudiwe mara mbili, kana kwamba wagonjwa watayafanyia mieleka. Mwambie wifi yangu kwamba mafuta yale ni ya mgongo wa ng'ombe, nilikosea chupa. Kama yamemponya ayaendeleze.

Huyo Rula mtunze. Mtoto anayepima kila kitu hadanganywi kirahisi akikua. Nakutumia kamba tatu ndefu nilizosokota kwa mabaki ya shuka, zimefungwa mafundo kila hatua moja, muwe mnazivuta mnapopanda ili mistari inyooke. Msiziache mvuani.

Kuhusu lile swali lako la mwisho, macho yangu siku hizi yanachoka haraka na taa ya chumba hiki ni mbovu. Kaka yangu ni mtu mwema. Mpikie vizuri.

Shangazi yako.


Nyumbani, 29 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kamba zimefika na watoto wamezigombania. Mama amesema mafuta ya ng'ombe au ya punda, mradi anapanda ngazi, na kwamba wewe tangu usichana hukuwahi kusoma maandishi ya chupa.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, ikashuka mlimani na kila ilichokikuta. Shamba la fundi baiskeli limebaki mawe. La Baba, ambalo kila mwaka huchomwa mabua likabaki jeupe, limechimbwa mfereji katikati ambao ndama anaweza kujificha. Shamba la shule limekunywa maji yote. Nilienda asubuhi na wanafunzi wangu, tukafunua matandazo, udongo chini mweusi na laini, na mistari yote ya mahindi na maharage imesimama. Rula alitumbukiza rula yake ardhini ikazama hadi sentimita kumi na nane. Akasema, "Mwalimu, mwaka jana ilizama mbili." Shangazi, nililia mbele ya darasa, sikuona hata haya.

Basi kesho yake wazazi wakaanza kuja. Kila mmoja anajifanya ana shida nyingine. Fundi baiskeli alikuja kukata rufaa ya alama zake, akaishia kuuliza mboji inachukua wiki ngapi. Sasa Jumamosi watoto wanafundisha na wazazi wanachimba, na ukichelewa unaandikwa.

Ijumaa ndipo kamati ilipokaa. Darasa la sita lilijaa, watu wakubwa wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Nilieleza kila kitu, nikapigiwa makofi. Baba akasimama akauliza swali moja tu: "Mkivuna, mahindi yatawekwa stoo. Ufunguo wa stoo uko kwa nani?" Nikajibu kwa fahari kwamba ninao mimi, nikautoa ndani ya blauzi kuwaonyesha, maana nauvaa shingoni kwa uzi nisiupoteze.

Wazee wa rika la Baba walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Baba hakucheka. Alisema, "Nimemaliza," akakaa. Uamuzi ukaahirishwa mpaka mavuno, na amesema wazi kwamba kura yake ni kufunga. Tulirudi nyumbani njia moja, yeye mbele, mimi nyuma, kama watu wasiojuana.

Nilisema nini kibaya? Wewe unajua. Barua yako iliruka swali langu kama mtu anavyoruka dimbwi, na mimi ni mwalimu, mwanafunzi aliyeruka swali namjua.

Mpwa wako.


Hospitalini, 20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Niko salama. Mashuka yamefika mia na arobaini. Cherehani imekatika mkanda na fundi amesema kesho, kesho yake akasema kesho.

Kumbe unauvaa shingoni.

Nitakuandikia. Nipe siku chache.

Shangazi yako.


Nyumbani, 18 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Siku chache zako zimekuwa wiki nne. Sikulaumu, nahesabu tu, si umesema nimtunze Rula? Ameniambukiza.

Furaha kwanza. Mke wa kaka amejifungua mtoto wa kike, mzima, ana mapafu ya mpiga baragumu. Mama amemkabidhi kitunguu siku ya pili akisema sasa hana kisingizio. Baba amemchongea kitanda cha kubembea chenye kona za mviringo, akakipiga msasa siku mbili. Mimi bado ni Mwalimu.

Ila nimeona kitu. Jana nilifika shuleni mapema, kabla ya kengele, nikawa ofisini nafungua dirisha. Baba alikuwa anapita na mbao begani. Akasimama. Akatazama huku na huku, akaegesha mbao kwenye ukuta, akaingia shambani. Alitembea mstari mzima kwa uangalifu, miguu yake kati ya maharage. Akainama, akafunua matandazo, akachukua udongo, akaunusa. Kisha akayarudisha majani palepale na kuyalaza kwa kiganja, vile anavyolaza ubao aliomaliza kuupiga randa. Nilijificha nyuma ya pazia kama mwizi. Alipotoka alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati.

Mtu anayetaka kufunga shamba hafanyi hivyo. Mahindi yanatoa mbelewele. Kamati itakaa Julai. Kama kuna neno la kunisaidia, utaniambia lini?

Mpwa wako anayesubiri.


Hospitalini, 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na mjukuu wangu nibusie miguu yote miwili. Namshonea kofia.

Nimeianza barua hii mara nne. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo mimi, basi ngoja nimimine.

Enzi zetu shamba la shule lilikuwa adhabu. Ukichelewa, unalima. Ukikosa hesabu, unalima. Mavuno yaliingia stoo, na mwalimu mkuu wa wakati ule alivaa ufunguo shingoni kwa uzi. Hakuna mtoto aliyewahi kula punje. Mwaka mmoja yaliliwa na fukusi mpaka yakawa unga ndani ya magunia, na sisi tuliyapalilia tukiwa na njaa.

Nilikuwa darasa la tano, kaka yangu la saba. Siku moja nilitumwa kurudisha majembe, nikakuta mwalimu mkuu amesahau kufunga stoo. Nikachukua mahindi mawili. Nikayachoma nyuma ya choo cha wasichana nikayala, na magunzi nikayafukia vibaya. Mbwa akayafukua.

Tulipangwa mstarini shule nzima. Mwalimu mkuu alisema kama mwizi hatajitokeza tutalima wote. Miguu yangu ilitetemeka, na kaka yangu akaiona, maana alinijua. Akatoka mstarini. "Ni mimi." Alipewa wiki mbili shambani, asubuhi hadi jioni, haruhusiwi kuingia darasani. Katika wiki hizo ndipo ulipofanywa mtihani wa kuchagua watakaoendelea na sekondari. Aliusikia kupitia dirisha akiwa na jembe.

Yeye alikuwa wa kwanza darasani, mwanangu. Wa kwanza. Akaenda kuchukua randa ya baba yetu. Mimi nikaendelea na shule, nikapata cheti cha ushonaji, na hata sare yangu ya kwanza alininunulia yeye. Hajawahi kunitajia siku ile, na mimi sijawahi kumwambia asante, kwa sababu ningeanza na asante ningelazimika kuendelea. Ndiyo maana nyumbani nakuja siku mbili na kuondoka.

Sasa unajua aliona nini ulipoutoa ule ufunguo. Hakukuona wewe.

Mwambie nimekuambia, au usimwambie. Mimi ni mwoga wa miaka mingi, sijui lipi jema. Lakini ufunguo huo uvue leo hii, kabla hujala.

Shangazi yako.


Nyumbani, 16 Julai

Shangazi yangu, shangazi yangu,

Shikamoo mara mbili. Wote wazima, kofia imemtosha mtoto na imebakiza nafasi ya kukua. Sina subira ya kukusalimia zaidi.

Barua yako ilifika saa kumi jioni. Nilisubiri chakula kipakuliwe, nikauvua ufunguo nikauweka mezani mbele ya Baba, karibu na chumvi. Nikamwambia, "Sikujua, Baba. Nisamehe." Aliutazama muda mrefu. Mama akaacha kupakua. Baba akaniuliza, "Shangazi yako amekuandikia nini?"

Nikasema, "Mahindi mawili."

Nilidhani atainuka aende karakanani. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa, kumbe anacheka. Alicheka, Shangazi, mpaka mtoto akaamka. "Mawili?" akasema. "Mwambie yalikuwa matatu. La tatu nililila mimi. Nilimfuata nyuma, naye hakuniona. Kwa hiyo nililima haki yangu, asijitwishe mzigo usio wake." Kisha akaniambia, "Na wewe binti yangu, pitisha mboga." Binti yangu. Nilimpitishia bakuli lote.

Tumevuna juzi. Kabla ya kitu chochote kuingia stoo, kila mtoto aliyelima alibeba mahindi ya kupeleka kwao, wengine kichwani, wengine kwenye sketi. Siku hiyo hakuna aliyelala na njaa hapa kijijini, na mahindi yalichomwa uwanjani mchana kweupe. Yaliyobaki ni mbegu. Tumechagua yaliyo bora, na kila nyumba itaazima kikombe kimoja cha mbegu, ikivuna irudishe viwili. Nyumba thelathini na nne zimejiandikisha. Mwalimu mkuu yumo, ingawa bado anarudia darasa.

Kamati ikakaa. Baba alichelewa. Tukasikia kelele nje, akaingia na fundi baiskeli wamebeba mlango. Mlango mpya wa stoo, mbao nzito, ameutengeneza kimya kimya na una kufuli mbili. "Ufunguo mmoja," akasema, "watakuwa nao wazazi. Wa pili watakuwa nao wanafunzi. Hakuna anayefungua peke yake." Rula akanyoosha mkono, akauliza, "Na Mwalimu?"

Baba akanitazama. "Mwalimu atapiga hodi."

Darasa zima lilivunjika mbavu. Kura zote zilisema shamba liendelee, na yake ilikuwa ya kwanza kunyooshwa. Mwaka huu hakuchoma mabua. Ameomba kukaguliwa upya, Rula amempa sitini na kuandika: "Ameanza kusikiliza." Karatasi hiyo ameibandika karakanani juu ya meza ya kazi, pembeni ya ile ya kwanza yenye mikunjo minne.

Mfereji shambani kwake bado upo. Anasema kuufukia ni kazi ya watu wawili.

Binti wa kaka yako.


Hospitalini, 30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako sikuwasomea wenzangu. Niliisoma mara tatu chini ya meza ya kukatia, kisha nikaenda kwa msimamizi kuomba likizo. Ameniuliza siku ngapi. Nimesema wiki mbili kamili, siku moja isipungue. Nafika tarehe tano. Mwambie wifi yangu asinitafutie kiti, anitafutie jembe, na lolote litakalokuwepo, maana mchagua jembe si mkulima. Huo mfereji tutaufukia sisi wawili, asubuhi hadi jioni, na Rula aje atupime.

Nimeshamwandalia kaka maneno ya kumwambia. Ni neno moja tu, la asante, nalifanyia mazoezi huku nashona.

Na wewe usimwambie hili, libaki letu. Nyuma ya kile choo palikuwa na ukuta pande zote na upenyo mmoja tu, asingeweza kunifuata nisimwone. Yalikuwa mawili, mwanangu. Niliyala yote mimi.

Shangazi yako.